Mvua Haingoji Mshahara: Nyumba, Blanketi na Kazi Wakati wa Mafuriko



Katika mikutano yetu ya Mbarara na Nakivale tumezoea kuzungumza habari za mishahara, saa za kazi na barua za kufukuzwa. Msimu wa mvua uliopita tuligundua kwamba mambo haya matatu yana ndugu yao wa nne, naye ni nyumba.

Mwenzetu mmoja, kibarua wa kiwandani ambaye jamaa zake hukaa Nakivale, alipigiwa simu usiku kwamba maji yameingia, ukuta wa nyuma umeanguka na watoto wamelala kwa jirani. Alfajiri akapanda gari. Alikaa siku tatu akizoa tope, akisimamisha nguzo na kuanika nguo. Siku ya nne aliporudi kazini, mlinzi wa getini alimwambia kwamba jina lake halimo tena kitabuni. Hakuulizwa alikuwa wapi.

Sisi tunaozunguka na kadi za chama tulikwenda kuiona nyumba ile. Tuliona mambo mawili. La kwanza, ukuta ule ungeweza kuokolewa kwa kazi ya siku mbili iliyofanywa kabla ya mvua. La pili, watoto wanne walikuwa wamebakiwa na blanketi moja, nalo limelowa. Lakini katika nyumba ya jirani walikolala, walifunikwa blanketi zito la viraka, lililoshonwa kwa mkono kutokana na suruali kuukuu na ovaroli zilizochanika. Tulimwuliza mwenye nyumba, mama mtu mzima kutoka Kongo: "Mama, kazi hii ulifundishwa na nani?" Akajibu: "Nilifundishwa na baridi, mwanangu."

Basi leo tutaeleza mambo hayo yote pamoja: namna ya kutengeneza nyumba kabla ya mafuriko, namna ya kushona blanketi la viraka, na namna ya kuilinda kazi yako wakati maji yanapoingia nyumbani.

MTO NI MMOJA

Wako wanaosema kwamba mafuriko ya Nakivale ni shauri la watu wa Nakivale. Hilo si kweli. Mto Rwizi huanzia katika milima ya Buhweju, ambako wenzetu huchuma chai. Hupita Mbarara, ambako mji na viwanda hutumia maji yake. Kisha hushuka katika vinamasi na maziwa ya Mburo, Nakivale na Kachera. Mchuma chai, mtu wa kiwandani na mkulima wa makazi ya wakimbizi, wote watatu wako juu ya mto mmoja.

Kwa miaka mingi kingo za mto huo zimelimwa mpaka majini, mchanga umechimbwa, matofali yamefyatuliwa, na sehemu za vinamasi zimekaushwa. Kinamasi ni kama godoro: hunyonya maji ya mvua kubwa na kuyaachia polepole. Ukiliondoa godoro, mto hupungua sana wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha maji huja kwa kishindo kwa mara moja. Ndiyo maana watu wale wale wanaolia ukame mwezi wa Julai hulia mafuriko mwezi wa Novemba.

Tena mvua zenyewe zimekuwa kubwa. Wote twakumbuka mvua za 2019 na 2020. Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Viktoria lilifikia kimo kilichoipita rekodi iliyodumu tangu 1964, na watu wengi wa kandokando ya ziwa walihamishwa na maji, hapa Uganda na kwa jirani zetu wa Kenya na Tanzania.

Nakivale yenyewe ni makazi ya zamani. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Rwanda, na leo wako humo watu wa Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Mtu hupewa kiwanja cha kujenga, naye hujenga kwa alivyonavyo: miti, fito, udongo, matofali mabichi na turubai. Wengi wetu tunaofanya kazi Mbarara au katika mashamba ya chai twakaa katika nyumba za namna hiyo hiyo. Kwa hiyo maneno yafuatayo ni ya wote.

KWA NINI NYUMBA YA UDONGO HUANGUKA

Udongo si kitu duni. Ukuta wa udongo mkavu waweza kusimama miaka mingi sana. Adui yake ni maji, nayo humjia kwa njia nne. Njia ya kwanza ni maji yanayotiririka kutoka mlimani na kupiga ukuta. Ya pili ni matone yanayoanguka kutoka paani na kurusha tope, yakila ukuta kuanzia chini. Ya tatu ni unyevu unaopanda kutoka ardhini, kama mafuta yanavyopanda katika utambi. Ya nne ni tundu la paa.

Njia tatu kati ya hizo hushambulia chini, mahali ambapo uzito wote wa nyumba umekaa. Ndiyo maana nyumba huonekana nzima leo, kisha kesho ikakaa chini kama mtu aliyevunjika miguu. Nyumba nyingine huanguka siku mbili au tatu baada ya mvua kukatika, wakati watu wamekwisha kurudi ndani na kulala. Jambo hili tulisema mara mbili, kwa kuwa limeua watu wengi: mvua kukatika si alama ya salama.

KAZI YA KABLA YA MVUA

Mvua zetu huja mara mbili, kuanzia Machi mpaka Mei, na kuanzia Septemba mpaka Desemba. Kazi hizi zafaa kufanywa katika miezi mikavu.

Kwanza, mtaro. Simama nyuma ya nyumba utazame maji yatatoka wapi. Chimba mtaro upande wa juu wa mteremko, hatua moja na nusu kutoka ukutani, kina chake sentimita 30 au zaidi, uzunguke nyumba na kutokea chini. Usiuelekeze mtaro wako kwenye mlango wa jirani. Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Mitaro ya nyumba kumi ikiunganishwa ni mfereji mmoja mzuri. Isipounganishwa ni kesi kumi.

Pili, kiuno cha nyumba. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, panga mawe chini ya ukuta, uweke changarawe na moramu, ushindilie kwa nguvu mpaka ipatikane baraza nyembamba yenye mteremko wa kutoa maji nje. Usirundike udongo mlegevu kwenye ukuta, maana huo hushika maji kama sifongo. Kwa nyumba mpya, inua msingi wa mawe usiopungua sentimita 30 juu ya ardhi. Juu ya mawe tandaza kipande cha turubai kuukuu, halafu ndipo upange matofali. Kipande hicho huzuia unyevu usipande. Turubai zinazogawiwa wakimbizi huwa za mita 4 kwa 5. Hata likiwa limechakaa kwa jua, lina kazi hii ya mwisho.

Tatu, paa. Paa liutokee ukuta kwa sentimita 60, ili matone yaanguke mbali. Kwenye mabati, misumari ipigwe juu ya mgongo wa bati, wala si katika bonde lake ambamo maji hupita, na kila msumari uwe na mpira wake. Funga boriti kwenye nguzo kwa waya, maana upepo wa mvua huling'oa paa kabla maji hayajafika. Paa la turubai livutwe sawasawa na kuwa na mteremko wa kutosha. Likibonyea likashika maji, uzito wake huvunja miti.

Nne, kukandika. Wengi wetu tukipata fedha kidogo hukimbilia saruji. Lakini saruji juu ya ukuta wa udongo haishikamani nao vizuri. Hupasuka, maji hupenya nyuma yake, yakakosa njia ya kutoka, na ukuta ukaoza ndani huku kwa nje ukionekana wa kizungu. Lipu nzuri ya ukuta wa udongo ni udongo. Chukua sehemu moja ya udongo wa mfinyanzi, sehemu mbili au tatu za mchanga, nyasi kavu zilizokatwakatwa, na samadi mbichi ya ng'ombe. Changanya, ufunike, uache siku chache, ukanyage tena. Kabla ya kukandika nyumba nzima, jaribu pahali padogo. Ukikauka na kupasuka, ongeza mchanga. Ukipukutika ukiugusa, ongeza mfinyanzi. Kazi hii hurudiwa kila mwaka, na haina gharama isipokuwa mikono.

Tano, choo. Shimo la choo likizama, kinyesi cha mtaa mzima huingia katika maji ya kunywa, na hapo kipindupindu hakiulizi kadi ya chama. Inua sakafu ya choo juu ya ardhi na uzungushie mtaro kama ulivyofanya kwa nyumba.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza: na siku unazojenga ukuta huo, hakuna anayekulipa.

MAJI YAKISHA KUINGIA

Toa watoto na wazee kwanza, kisha vitambulisho, karatasi za kazi na blanketi. Usirudi ndani ukiona mojawapo ya alama hizi: nyufa mpya kwenye pembe, mlango uliokuwa ukifunga sasa haufungi, ukuta uliovimba chini, au ukuta ulioinama. Kuinama hupimwa kwa timazi. Usipokuwa nayo, funga jiwe kwa uzi ulitundike.

Maji yakipungua, fungua madirisha na milango, toa tope lote, wala usikandike upesi. Ukikandika juu ya ukuta uliolowa umefungia ugonjwa ndani. Kwaruza kwa msumari: ukitoka udongo unaonata, bado; likitoka vumbi, anza. Chemsha maji ya kunywa, hata ya kisima ulichokizoea.

BLANKETI LA VIRAKA

Mbarara iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,400, na milima ya chai iko juu zaidi. Baada ya mvua, usiku ni wa baridi kweli, na mtoto aliyelowa hushikwa na kifua haraka. Blanketi la dukani ni fedha. Lakini nguo zilizochakaa ziko katika kila nyumba.

Watu wa pwani huliita mfarishi lile tandiko lenye kujazwa na kushonwa. Kule India, katika jimbo la Karnataka, wako watu waitwao Wasidi, ambao wazee wao walitoka Afrika, wengi wao pande hizi zetu za mashariki. Wanawake wao hushona mablanketi ya viraka yaitwayo kawandi, kwa mkono, bila cherehani. Njia yao yatufaa sana, kwa kuwa mtu aweza kuifanya akiwa amekaa chini, na kuiacha na kuirudia kila apatapo nafasi. Nayo ni hii.

Tafuta kwanza kitambaa kimoja kizima cha chini: kanga, kitenge au shuka kuukuu. Kwa watu wawili chafaa cha sentimita 150 kwa 200. Juu yake tandaza kitu cha katikati, yaani blanketi lililochakaa au sweta zilizofumuliwa mishono zikalala bapa. Kunja pindo za kitambaa cha chini kuelekea juu.

Halafu anza kuweka viraka kwenye pembe, si katikati. Kunja kingo za kila kiraka ndani kwa kidole kimoja, ukibandike, na upige bandi kwa uzi wa nguvu kupita matabaka yote matatu. Kiraka kinachofuata kilalie kidogo ukingo wa kilichotangulia. Zunguka hivyo kando zote nne, safu baada ya safu, mpaka ukutane na katikati. Mishono ifuatane kwa nafasi ya vidole viwili, mpaka blanketi zima liwe na mistari kama shamba lililopigwa matuta. Mistari hiyo si pambo. Ndiyo inayozuia kitu cha katikati kisikusanyike pembeni ukifua, na ndiyo inayofungia hewa ndani. Joto la blanketi ni ile hewa iliyofungiwa.

Wanawake wa Kisidi humalizia kila pembe kwa vitambaa vidogo vilivyokunjwa pembe tatu, ambavyo huviita phula, maana yake maua. Kwao blanketi lisilo na maua hayo halijaisha. Nasi twaona ni desturi njema. Mtu maskini ana haki ya ua.

Kuna mambo manne ya kuangalia:

1. Usitumie kabisa ovaroli iliyovaliwa wakati wa kupulizia dawa shambani. Sumu hukaa katika nyuzi, na kufua hakuiondoi yote. Nguo hizo zisiletwe hata nyumbani. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kutoa nguo za kazi na mahali pa kuzifulia. Jambo hili lipelekeni kwa mwakilishi wenu.

2. Vipande vya nguo vinavyotupwa kiwandani au katika karakana ya fundi visichukuliwe hivi hivi. Twamjua mtu aliyeshitakiwa wizi kwa sababu ya fuko la vitambaa ambavyo jioni ile ile vingechomwa moto. Ombeni kwa maandishi kupitia tawi, na kila fuko litoke getini na karatasi yake.

3. Mablanketi mawili membamba ni bora kuliko moja nene. Nene likilowa halikauki upesi katika msimu wa mvua, huota ukungu, na ukungu huo ni maradhi ya kifua.

4. Wakati wa mvua, blanketi lisilotumika litiwe katika mfuko wa plastiki au pipa lenye kifuniko, na kuwekwa juu ya boriti. Lililopatwa na maji ya mafuriko lifuliwe kwa sabuni na maji ya moto, lianikwe juani pande zote mbili.

MFANO WA MBALI

Pengine ndugu msomaji atasema: viraka ni mambo ya akina mama, chama kinaingilia nini? Tusikilize habari za Alabama, Marekani.

Kusini mwa jimbo hilo kuna mahali paitwapo Gee's Bend, katika kona ya mto Alabama. Watu wake ni wajukuu wa watumwa waliolima pamba. Wanawake walishona mablanketi kutokana na nguo za kazi zilizochakaa, ili kuziba baridi katika nyumba za mbao zilizojaa nyufa. Katika miaka ya 1960 bwawa lilijengwa mtoni, na maji yakafunika sehemu kubwa ya mashamba yao mazuri. Wakati huo huo, Waamerika weusi waliojiandikisha kupiga kura walifukuzwa na wenye mashamba kutoka nyumba walimokaa.

Mwaka 1966 wanawake wa wilaya hiyo waliunda ushirika wa ushonaji ulioitwa Freedom Quilting Bee, yaani ushirika wa washonaji wa uhuru. Waliuza mablanketi yao mpaka New York, na baadaye wakapata mkataba na kampuni kubwa ya maduka, Sears. Ushirika ulinunua ardhi, ukajenga karakana yake, na sehemu ya ardhi ile ukawauzia viwanja watu waliokuwa wamefukuzwa ili wajenge nyumba zao wenyewe. Ushirika huo ulifungwa mwaka 2012, lakini nchi ilikwisha kuutambua ufundi wao: mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha za mablanketi ya Gee's Bend.

Hapo twaona jinsi sindano ilivyozaa kiwanja, na kiwanja kikazaa nyumba. Haikutokea kwa mtu mmoja mmoja kuuza blanketi barabarani.

KAZI YA SINDANO NI KAZI

Katika makazi na mjini tumewaona akina mama wakiuza blanketi lililoshonwa wiki mbili kwa bei ya kilo chache za posho. Mnunuzi husema, "Si vitambaa vya bure hivi?" Kumbe kitambaa kilikuwa bure, lakini mikono haikuwa bure.

Bei na ihesabiwe hivi. Andika gharama ya uzi, sindano, sabuni na usafiri. Andika saa zote ulizoshona. Uliza kibarua wa leja-leja hulipwa kiasi gani kwa siku pale mnapokaa, ugawe kwa saa, uzidishe kwa saa zako. Jumlisha. Bei ikishuka chini ya hapo umemlipa mnunuzi ili achukue blanketi lako. Na kikundi kizima kikubaliane bei moja, kwa maana anayeuza peke yake hushushwa peke yake. Huo ndio msingi ule ule wa chama cha wafanyakazi.

Wala tusidhani kwamba serikali itatupangia bei ya jasho. Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kukirekebisha, lakini Rais hakuutia sahihi.

MAJI YAKIINGIA, KAZI YAKO JE?

Turudi kwa mwenzetu aliyekuta jina lake limefutwa. Alikuwa amefanya kazi miezi mitano mfululizo bila karatasi. Tulimpeleka kwa afisa wa kazi, na baada ya safari nyingi alilipwa fedha alizodai. Kazi hakuirudia. Kosa lilikuwa la mwajiri, lakini na sisi chama tulikosa, kwa sababu hatukuwa tumewaeleza wanachama la kufanya. Basi tunaeleza sasa.

Siku ile ile maji yanapoingia, mpigie simu msimamizi, na mwakilishi wa chama ajue. Ukiweza tuma ujumbe wa maandishi, uutunze. Pata barua ya mwenyekiti wa LC1, au kwa wanaokaa Nakivale, ya mwenyekiti wa baraza la wakimbizi la kijiji, ikieleza siku na hasara. Barua hiyo ni ukuta wako wa pili.

Sheria ya Ajira ya 2006 yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 6 likizo yenye malipo, siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi. Omba siku hizo kwa maandishi. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu na kumsikiliza, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Mchague mwakilishi wa chama. Ukiwa umefanya kazi wiki 13 au zaidi na ukafukuzwa isivyo haki, peleka malalamiko kwa afisa wa kazi kabla ya miezi 3 kupita. Na kanuni za ajira za 2011 zasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kupita miezi 4 astahili mkataba wa maandishi. Asiyekuwa nao na aje kwetu kabla ya mvua.

Ndugu wakimbizi wengine hutuambia, "Sisi hatuna haki ya kuingia chama." Wanayo. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 yawaruhusu kufanya kazi, na Mkataba wa Geneva wa 1951, ambao Uganda iliukubali mwaka 1976, wataja vyama vya wafanyakazi kwa jina katika kifungu chake cha 15. Atakayewaambia vinginevyo, mwambieni aisome.

MPANGO WETU

Twapendekeza kila tawi liunde vikundi vya nyumba kumi. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Januari, kikundi kikusanyike katika nyumba moja kila Jumapili: mtaro, kiuno, paa, lipu. Jumapili kumi ni nyumba kumi, na katikati ya Machi mvua itakuta kazi imekwisha. Tuanze na nyumba ya mjane, mgonjwa na yule aliye chini kabisa ya mteremko. Kila mwanachama aweke fedha kidogo kidogo katika likelemba au kibiina kwa ajili ya misumari, waya na usafiri. Na kuanzia Juni mpaka Agosti, zile saa za jioni zitumike kushona. Wanaume pia wana vidole. Katika kikundi kimoja mzee aliyestaafu kazi ya kushona magunia ya chai ndiye anayepiga bandi iliyonyooka kuliko wote.

Kila kikundi kiweke mablanketi mawili ya akiba kwa mwakilishi wa tawi, yawe tayari kwa yule ambaye maji yatamwahi. Nyumba ya mwenzetu ilikwisha kusimama tena kwa mpango huu, na safari hii ina mtaro na kiuno cha mawe. Yule mama jirani amemshonea mtoto wake mdogo blanketi, nalo lina maua katika pembe zote nne.

Wawakilishi wa matawi leteni majina ya vikundi vyenu katika mkutano ujao.

Umoja ni nguvu.